Naomba ushauri: neno *kolo la Kislavi-mama linanitoa jasho

Wakuu, habari zenu. Nasoma isimu, na muhula huu tumeingia kwenye Kislavi-mama, lugha iliyozaa Kirusi, Kipolandi, Kicheki, Kislovenia na ndugu zao. Hakuna aliyeiandika. Wataalamu wameiunda upya kwa kulinganisha watoto wake, ndiyo maana maneno yake huwekewa kinyota mbele.

Nimekwama kwenye *kolo, yaani gurudumu. Likiwa kiima ni *kolo tu. Ukitaka kusema "la gurudumu" linakuwa *kolese, wingi *kolesa, na magurudumu mawili yana umbo lao peke yao, *kolesě. Hiyo -es- inatokea wapi ghafla? Mwalimu anasema ni sehemu ya shina, ila kwenye kiima cha umoja haionekani. Nilipata afueni kidogo nilipokumbuka jino na meno (jaribu kumweleza mgeni hilo!).

Sasa watoto wenyewe hawaelewani. Warusi wanasema koleso, wameibandika -es- hadi kwenye umoja. Wacheki wameitupa: kolo, kola. Waslovenia ndio wametunza urithi: kolo, kolesi kwa mawili, kolesa kwa mengi, na kwao neno hilo ni baiskeli pia.

Nimebandika jedwali ukutani, hali saba (maumbo ya neno kulingana na kazi yake kwenye sentensi) mara umoja, uwili na wingi, visanduku 21. Usiku nayajua, asubuhi yamepotea. Mliopitia lugha hizi, nikariri lote, au nianze na Kislovenia kilicho hai ndipo nirudi nyuma? Na *nebo (mbingu) na *slovo (neno), ambayo nayo yana -es-, niyachukue pamoja?