Ramani ya jezi ya Berkane: Sahara Magharibi ni ya nani?

Mdau wa Nkuhungu: Wakuu, tangu Simba icheze fainali 2025 na RS Berkane, klabu ya Moroko yenye jezi za ramani inayoiweka Sahara Magharibi ndani ya Moroko, ubishi haujaisha hapa Dodoma. Sahara Magharibi ni Moroko au ni nchi?

Shabiki wa Makole: Inategemea unamuuliza nani. Umoja wa Mataifa unaihesabu eneo lisilojitawala tangu 1963. Umoja wa Afrika (AU), tangu ulipokuwa OAU, umeipokea Jamhuri ya Sahara kama mwanachama kamili. Kwa hasira hiyo Moroko ilijitoa 1984, ikarudi 2017. Ardhini, Moroko inashika sehemu kubwa, Polisario, kundi linalopigania uhuru wa Sahara, wapo mashariki ya ukuta wa mchanga. Kura ya maoni ya kuamua hatima yake, iliyoahidiwa 1991, haijapigwa. Hilo linauma.

Mdau wa Nkuhungu: Mbona haichezi AFCON?

Mzee wa Chang'ombe: Ndugu, AU na CAF, shirikisho la soka Afrika, ni milango miwili tofauti. Tazama Zanzibar yetu: CAF iliipokea Machi 2017, ikaiondoa Julai. Na msiseme CAF "iliamua mpaka wa Moroko" Aprili 2024! Jezi zenye ramani zilizuiwa Algiers, Algeria, Berkane wakagoma kucheza bila hizo, wakapewa ushindi wa 3-0 dhidi ya USM Alger. Ni matokeo ya mechi tu.