Kuku wa Bibi: gumzo la kikundi cha ukoo

[06:14] Shangazi Saida: Shikamooni wakubwa. Wadogo habari za asubuhi. Kuku wa Bibi wamekufa wengine 4 usiku. Tangu Jumatatu ni 11. Pole zimetosha, leo tunatafuta kinachowaua.

[06:15] Shangazi Saida: Kinyesi rangi gani? Wanakufa wakubwa au vifaranga peke yao? Nani kaingiza kuku mgeni bandani? Chanjo ya mwisho lini?

[06:52] Shangazi Saida: Mmesoma watu 14. Nasubiri.

[07:03] Amina: Shikamoo Shangazi. Niko bandani. Kinyesi ni maji matupu, kijani, kama majani yaliyopondwa. Wanakufa wakubwa kwa wadogo. Kishungi yuko kwenye kona, mabawa yanaburuta chini, shingo imejipinda mpaka jicho moja linatazama paa. Nimemsogezea maji. Anadonoa pembeni ya kopo, maji hayapati.

[07:05] Shangazi Saida: Marahaba mwanangu. Jamani Kishungi 😢

[07:06] Shangazi Saida: Shingo kupinda, uharo wa kijani, na haichagui umri. Mimi hapo nakiona kideri. Gumboro ingeshika vifaranga wa wiki 3 hadi 6 zaidi. Kuhara damu nako kungeonekana kwenye kinyesi, na ni ugonjwa wa wadogo. Amina, kuna vipele au magamba kwenye upanga na machoni?

[07:09] Amina: Hapana. Ila wengine wanapumua kwa mdomo wazi, na wanakoroma.

[07:10] Shangazi Saida: Basi si ndui.

[07:31] Baba Mdogo Idi: Kideri si ndiyo mdondo?

[07:32] Yusufu: Baba Mdogo, kideri na mdondo ni kama wewe na kaka yako. Majina mawili, deni moja 😂😂

[07:32] Halima: 😂😂😂

[07:34] Yusufu: Jina lake la vitabuni ni Newcastle. Ulitambuliwa huko Uingereza 1926. Mimi miaka yote nilijua ni timu ya mpira tu

[07:35] Halima: Kumbe miaka yote ile kombe walilikosa kwa sababu ya shingo 😂

[07:36] Shangazi Saida: Yusufu, kuku wanakufa.

[07:36] Yusufu: Samahani Shangazi.

[07:40] Baba Mdogo Idi: Kuna vidonge vya antibayotiki nilibakiza. Amina avisage awape kwenye maji.

[07:41] Shangazi Saida: Idi, kideri ni kirusi. Antibayotiki haiui kirusi. Ikiwa ni homa ya matumbo au kipindupindu cha kuku, hizo ni bakteria, hapo dawa ina kazi. Lakini magonjwa haya kwa nje yanafanana, hata mafua makali ya ndege yanaweza kuua hivi hivi. Ndiyo maana nataka kuku apasuliwe na mtu anayejua.

[07:44] Shangazi Saida: Na chanjo ulisema umetoa wewe. Ulitoaje?

[08:20] Baba Mdogo Idi: Niliweka kwenye maji ya kunywa kama kawaida.

[08:20] Shangazi Saida: Maji ya wapi?

[08:26] Baba Mdogo Idi: Ya bomba. Asubuhi. Mpaka jioni wakawa wameyamaliza.

[08:27] Shangazi Saida: Idi. Klorini ya bomba inaua chanjo. Na ikishachanganywa inatakiwa inywewe ndani ya saa 2 hivi. Waliokunywa mchana walikunywa maji.

[08:29] Baba Mdogo Idi: Sasa ndiyo nimeua mimi? Mimi nasema tangu juzi, kuku hawafi 11 hivi hivi. Kuna mtu kawatupia kitu.

[08:31] Mama Tatu: Mtu gani Idi?

[08:33] Baba Mdogo Idi: Sijataja mtu shemeji.

[08:33] Mama Tatu: Hata mwaka ule hukutaja mtu. Ulitazama mlango wa jiko langu tu, na wote mkageuka mkatazama.

[08:34] Baba Mdogo Idi: Ujumbe huu umefutwa

[08:35] Mama Tatu: Nilishausoma.

[08:41] Yusufu: Jamani tuanze siku vizuri, nani ana picha za arusi ya Halima

[08:41] Shangazi Saida: Yusufu!!

[09:17] Bibi: 🎤 1:08

[09:22] Amina: Upepo mwingi kwenye sauti. Bibi kasema niandike kama alivyosema: "Mwaka ule nilifiwa na kuku 30 nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulimchoma Tatu. Hakuna aliyempasua hata kuku mmoja akaangalia ndani. Tatu hakufanya kitu. Safari hii apasuliwe. Na neno hilo la kutupiwa lisirudi humu mimi nikiwa hai."

[09:23] Amina: Ameishia hapo.

[09:50] Mama Tatu: Nimesikia Mama. Asante.

[10:05] Baba Mdogo Idi: Nimesikia Mama. Shemeji, nisamehe.

[10:30] Shangazi Saida: Haya, kazi. Amina, chukua aliyekufa alfajiri, wale wa usiku washaharibika. Vaa mifuko mikononi, mdomo na pua ufunge kitambaa. Mfunge ndani ya mifuko miwili, weka kwenye sanduku lenye barafu. ASIGANDISHWE, akiganda daktari wa mifugo hataona vizuri ndani. Na aende na mgonjwa mmoja aliye hai, boksi lake peke yake.

[10:31] Shangazi Saida: Waliobaki mzikwe kwa kina, chokaa juu, mbwa wasifukue. Hakuna kuchinja mgonjwa, hakuna kuuza, hakuna kumpa jirani. Asiye na kazi bandani asiingie, kirusi kinatembea na viatu.

[10:33] Halima: Tuwachanje wazima leo basi

[10:35] Shangazi Saida: Namuuliza daktari kwanza. Ambaye kirusi kimeshamwingia chanjo haimwokoi, na hata mzima kinga yake haiji leo wala kesho. Wakipona, tone moja la jicho kila miezi 3, na nitashika chupa mimi.

[10:36] Shangazi Saida: Nani ana gari? Na swali langu la asubuhi, kuku mgeni, halijajibiwa.

[11:58] Shangazi Saida: Kassim, wewe umesoma tangu saa 12.

[13:47] Kassim: Shikamooni. Nilikuwa kazini.

[13:49] Kassim: Nilileta tetea 3 wiki iliyopita, siku ya Jumatano. Nilitaka kumfurahisha Bibi. Walikuwa wazima kabisa.

[13:50] Shangazi Saida: Uliwatenga?

[13:52] Kassim: Niliwafungulia bandani palepale.

[13:58] Shangazi Saida: Jumatano mpaka Jumatatu ni siku 5. Kideri mara nyingi hujificha siku 5 au 6, kisha kinatoka. Kuku mgeni anatengwa wiki 2 hadi 4, mwanangu, hata akiwa anawika.

[14:02] Kassim: Kwa hiyo ni mimi.

[14:04] Mama Tatu: Kassim, hakuna aliyesema ni wewe. Subiri daktari apasue. Usikubali kubeba kabla hajasema.

[14:06] Shangazi Saida: Tatu yuko sahihi. Nimekimbia mbele.

[14:10] Kassim: Nitampeleka mimi. Ila gari nalipata kesho mchana.

[14:11] Shangazi Saida: Kesho mchana ni mbali. Idi?

[15:40] Shangazi Saida: Idi?

[16:22] Baba Mdogo Idi: Naangalia kama naweza kutoka saa 11.

[16:25] Amina: Barafu inayeyuka Shangazi. Na Mama hataki sanduku karibu na friji.

[16:26] Shangazi Saida: Mwambie nitaongea naye. Wale tetea 3 watenge sasa hivi, kopo lao la maji peke yake.

[18:09] Amina: Nimekamata wawili. Wa tatu kapanda juu ya mti, hashuki. Kishungi bado anapumua.