Mjadala: Ulaya Mashariki ilitekwa kwa vifaru au kwa wizara ya mambo ya ndani?

MLETA MADA
Kila tunapozungumzia jinsi Urusi ya Stalin ilivyoitia Ulaya Mashariki mkononi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wavivu wa kusoma hujibu kwa neno moja: vifaru. Naomba tuitazame Hungaria. Novemba 1945, Jeshi Jekundu la Wasovieti likiwa bado nchini, ulifanyika uchaguzi huru. Chama cha Wakulima Wadogo kilipata asilimia 57 ya kura na Wakomunisti 17. Vifaru vilikuwepo, na kura hazikuibwa. Ila Wakomunisti waliing'ang'ania wizara ya mambo ya ndani, na polisi wakawa wao. Februari 1947 Béla Kovács, katibu mkuu wa chama kilichoshinda, alikamatwa na Wasovieti. Mwezi Mei waziri mkuu Ferenc Nagy, akiwa Uswisi mapumzikoni, alitakiwa ajiuzulu, na alipokubali akapelekewa mwanawe mdogo aliyekuwa amebaki Budapest. Mátyás Rákosi mwenyewe, kiongozi wa Wakomunisti wa Hungaria, alijisifu kwamba aliwamaliza wapinzani kama mtu akatavyo soseji ya salami, kipande baada ya kipande.

MCHANGIAJI WA PILI
Huyo mvivu wa kusoma ni mimi, na nashukuru kwa heshima uliyonipa. Kovács alikamatwa na nani? Umeandika mwenyewe: Wasovieti. Basi hicho kisu cha salami kilishikwa na askari. Au nenda Romania, ambako Februari 1945 Vyshinsky, naibu waziri wa mambo ya nje wa Kisovieti, alimwamuru Mfalme Mihai aivunje serikali yake, kisha akatoka akibamiza mlango. Machi 6 Petru Groza, mshirika wa Wakomunisti, akawa waziri mkuu. Mgeni asiye na jeshi nyuma yake habamizi mlango wa mfalme.

MCHANGIAJI WA TATU
Mnazungumza kana kwamba Stalin aliamka tu akatamani nchi za watu. Umoja wa Kisovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27, na adui alipitia huko huko. Isitoshe, Oktoba 1944 Churchill alimwandikia Stalin kwenye kipande cha karatasi kwamba Romania iwe asilimia 90 yake, naye Mwingereza apate 90 ya Ugiriki. Stalin akaweka alama ya vema kwa penseli ya buluu. Mbona Churchill hatumwiti mvamizi? Na Wachekoslovakia walijichagulia ukomunisti wenyewe.

MCHANGIAJI WA PILI
Hayo ya karatasi nitayajibu siku nyingine, lakini "walijichagulia" siwezi kuliacha lipite. Katika uchaguzi wa 1946 Wakomunisti wa huko walipata asilimia 38, kura nyingi kuliko chama kingine chochote, lakini si nusu. Ukimpa mpangaji ufunguo wa chumba, hujampa hati ya nyumba. Februari 1948 ugomvi ulianza pale waziri wa mambo ya ndani, Václav Nosek, alipowahamisha makamanda wa polisi wa Praha wasio wa chama chake. Mawaziri 12 wakajiuzulu, na tarehe 25 Rais Beneš akaridhia kujiuzulu kwao.

MLETA MADA
Ahsante sana, maana umenisaidia. Nosek alikuwa waziri wa nini? Na askari wa Kisovieti walikuwa wapi siku hiyo? Walikwishaondoka Chekoslovakia tangu mwisho wa 1945.

MCHANGIAJI WA TATU
Mimi nawalaumu hao mawaziri 12. Walidhani Beneš angekataa barua zao na uchaguzi ungeitishwa mapema, lakini hawakuwa nusu ya baraza, kwa hiyo serikali haikuanguka. Wakamwachia Gottwald, waziri mkuu Mkomunisti, viti vitupu avijaze apendavyo. Huo ni upumbavu wao, Moscow isisingiziwe.

MCHANGIAJI WA PILI
Jan Masaryk, waziri wa mambo ya nje, hakujiuzulu. Alibaki kwenye kiti chake kama unavyotaka, na Machi 10 alikutwa amekufa uani, chini ya dirisha la makazi yake katika Kasri la Černín. Naye alikuwa mpumbavu?