Naomba ushauri: kughani mashairi kwa gitaa
Ndugu zangu, habari za leo. Hapa Moshi ninawaongoza vijana wanaoandika mashairi, na ninatamani wajifunze kwa Patti Smith, mshairi na mwimbaji wa roki wa Marekani, ambaye Februari 1971 alisoma mashairi yake katika kanisa la St. Mark's, New York, huku Lenny Kaye akimpigia gitaa la umeme, miaka minne kabla ya albamu yake ya kwanza, Horses. Vijana hawa wamezoea vina na mizani, na gitaa likishaingia wanaukimbiza mshororo hadi silabi za mwisho zinamezwa. Je, niwaanzishe na mashairi huru, au mpigaji ndiye afuate mizani yao? Mliowahi kughani kwa ala, naombeni mnielekeze.