Tufani ikija: mashua ya tanga ibaki kwenye boya au iingizwe mikokoni?

Tanga_Tudor: Wadau, salaam. Mashua ya fibaglasi, futi 30, iko kwenye boya hori ya Tudor, Mombasa. Chini kuna bonge la zege la kilo 1,000, kina mita 6 maji yakijaa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliishia upande wa Mafia. Kingine kikipanda huku, nifanyeje?

Amari70: Kaka, anza na zege. Likiwa majini hupoteza zaidi ya thuluthi ya uzani wake, kwa hiyo kilo zako 1,000 ni kama 570 tu. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nne. Bonge hilo litaburutwa. Ongeza nanga mbili. Tena hizo mita 6, ni za bamvua (maji yanapojaa sana) au za maji mafu (yanapojaa kidogo)? Hesabu ya amari, yaani kamba ya nanga, ni kina cha bamvua, jumlisha kimo cha omo (ncha ya mbele ya mashua) juu ya maji, zidisha kwa 10. Kama sita ni za bamvua na omo ni mita moja, jumla ni saba, basi mita 70. Mnyororo uwe upande wa nanga.

Fundi_Kamba: Nanga ikishika, kinachobaki ni kamba kukatika pale inapopita ukingoni mwa omo. Nailoni huvutika, ndio uzuri wake, lakini kila ikivutika nyuzi husuguana na kupata moto. Tazama ncha iliyokatika: utakuta nyuzi zimeyeyuka, zimegandana ngumu kama mfuko wa plastiki uliochomwa. Kipande cha ukingoni kiwe poliesta, ukivalishe mpira wa zimamoto ule wa kitambaa. Mpira wa bustani usitie kabisa, unazuia maji yasiipoze kamba.

Mkoko_Mtwapa: Mimi ningeiingiza mikokoni siku mbili kabla, wimbi halifiki huko. Zungushia kamba shina chini karibu na mizizi, si tawi, na utangulize gunia ganda lisichubuke. Ukikaza maji yakiwa yamekupwa, yakijaa zaidi ya mita 3 kamba itaivuta omo chini. Tanga la mbele la kuviringisha livue, kulifunga hakutoshi: upepo ukipata upenyo wa kiganja utalifumua lote. Funga vali zote za chini isipokuwa zinazotoa maji ya mvua sitahani. Na mtu asilale ndani, tafadhali.

Tanga_Tudor: Shukran sana. Nanga gani kwa matope yale?

Amari70: Nanga aina ya Danforth, makucha yake mapana hushika tope. Ila upepo ukigeuka huweza kung'oka, ndiyo maana nikasema mbili, zielekee pande tofauti.