Lubumbashi mpaka Guangzhou, ni masaa ngapi ya kweli?

Mutoto wa Katuba
Jambo batu bote. Mama yangu anaenda Guangzhou mwezi unaokuya kutafuta biatu na masakoshi ya kuuzisha, ni mara yake ya kwanza kupanda ndeke. Bile inaonyesha hivi: kutoka Luano (kiwanja cha ndeke cha hapa Lubumbashi) 14h10, kufika Addis 19h00, kutoka Addis 23h30, kufika Guangzhou 14h40 ya kesho yake. Nikahesabu nikapata masaa 24 na nusu, mama akashika kichwa, anasema siku muzima mu hewa na haya magoti yake? Ni kilometa ngapi kule, na juu ya nini habaendi moja kwa moja?

Mukubwa wa Ruashi
Leki, haina 24. Ulianzia ku saa ya Lubumbashi ukamalizia ku saa ya China, hapo njo ulipotea. Addis inatupita saa moja, Guangzhou inatupita sita. Tosha ile sita, inabakia 18 na nusu. Na mule ndani, 4 na nusu atakuwa amekaa chini Addis, kwa hiyo mu hewa ni 14 tu: karibu ine mpaka Addis (kilometa 2,600 hivi), kisha kumi na kidogo mpaka Guangzhou (8,000 na kitu). Ukivuta kamba toka kwetu mpaka kule unapata kama 10,100, robo ya kuzunguka dunia yote! Sasa ndeke ya moja kwa moja, nani ataijaza kila siku hapa Lubumbashi? Addis banakusanya batu ba inchi mingi banabaweka mu ndeke moja kubwa.

Ndeke wa Kamalondo
Ni kama kuenda Kinshasa, unatoka hapa 10h00 unafika 11h20 unajiona umepita upepo, kumbe ni masaa mbili na dakika 20, saa yabo njo iko nyuma 😂

Mama Bitenge
Mutoto, mwambie mama abadilishe saa ya telefone akifika Addis. Mimi mara ya kwanza niliacha ya kwetu, nikakaa na kikombe cha kahawa, telefone inaniambia 22h00, mi najua bado wakati. Namuuliza yule binti wa kahawa saa ngapi, Kifaransa hajui, ananionyesha bidole tano. Tano? Nikashangaa, kisha nikakumbuka benye Ethiopia banahesabu saa kama siye Baswahili, saa tano ya usiku, 23h00! Batu bangu bote bamekwisha kuingia, nilikimbia na biatu mu mukono juu miguu ilikuwa imevimba. Avae biatu bipana, kila masaa mbili asimame atembee mule ndani. Na ile karte ya chanjo ya homa ya manjano akae nayo mu sakoshi, asiweke mu valizi.

Mutoto wa Katuba
Mungu abariki, wakubwa. Na kurudi ni vilevile?

Mukubwa wa Ruashi
Kurudi inapita kidogo, upepo wa kule juu unatokaka mangaribi, unasukuma ndeke akienda, unaizuia akirudi. Weka kama saa moja ya kuongeza.

Mutoto wa Katuba
Nimemusomea yote. Anasema saa yake ya mukono haiguse mutu, anataka kujua wakati siye tunakula. Na anauliza ile kahawa ya Addis ni bei gani.