Unaandikaje wasifu wa mtu ambaye kifo chake kina utata bila kuegemea upande?

MwandikaMaisha:
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaoandika wasifu. Nina makala ya kiongozi mmoja wa chama cha wafanyakazi, alifariki kwa ajali ya gari zamani kidogo, polisi walisema tairi lilipasuka, familia wanasema aliuawa, na hakuna mahakama iliyowahi kuamua chochote. Mimi nimeandika hivi: "Siku tatu baada ya kugombana hadharani na waziri, gari lake lilipinduka katika mazingira ya kutatanisha." Mhariri kairudisha anasema nimeshahukumu. Sasa mbona kila kitu pale ni kweli, ugomvi ulikuwepo, siku tatu ni kweli, gari lilipinduka kweli. Nikiutoa ule ugomvi naona kama naficha jambo.

KalamuNyeusi:
Ndugu, usiutoe, uhamishe. Ukibananisha ugomvi na ajali kwenye sentensi moja msomaji anaunganisha mwenyewe hata kama hujaandika "kwa sababu". Ugomvi uweke kwenye sehemu ya kazi zake, na tarehe yake, ueleze ulihusu nini. Sehemu ya kifo ianze na yanayojulikana: alikuwa anatoka wapi, gari lilipinduka wapi, nani alilikuta, ripoti ilisema nini. Halafu kama familia ndo inayohusisha kifo na ule ugomvi, andika kwamba familia inahusisha, hapo ugomvi unarudi ila sasa una mwenyewe. "Mazingira ya kutatanisha" futa kabisa, magazeti yanayapenda hayo maneno lakini hayamwambii mtu kitu. Sema kinachotatanisha ni nini. Kama lile tairi halikuwahi kuonyeshwa kwa wachunguzi, andika tairi halikuonyeshwa. Na hizi "inadaiwa" ambazo tunazimwaga kila mahali, inadaiwa na nani? Mtaje anayedai, na alidai lini.

BintiMaktaba:
Naongezea kwa KalamuNyeusi. Ripoti ikisema kitu, chukua uzito ule ule ilioutumia, usipandishe wala usishushe. Angalia kifo cha Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Septemba 1961. Tume ya Rhodesia ililaumu marubani, tume ya Umoja wa Mataifa yenyewe ikashindwa kufikia uamuzi, miaka mingi baadaye Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania akapewa kazi ya kupitia ushahidi mpya, na ripoti yake ya 2017 ikasema inaelekea kuwezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu mojawapo. Inaelekea kuwezekana, basi. Ukiandika "UN yathibitisha alitunguliwa" umeshadanganya, na ukiandika "alikufa kwa ajali" ukaishia hapo umedanganya pia.

Msemakweli:
Samahanini wakubwa, mi hii habari ya kutoegemea upande inaniuma. Wauaji ndio wanaoipenda. Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alipofia mikononi mwa polisi 1977 waziri wa polisi alianza kuzungumzia mgomo wa kula, uchunguzi wa maiti ukaonyesha ubongo umeumizwa. Sasa mwandishi wa siku zile angefanyaje, aandike "serikali inasema hivi, wengine wanasema vile", nusu kwa nusu? Huko si kutoegemea, ni kuwasaidia.

BintiMaktaba:
Kaka Msemakweli nakuelewa kabisa, na nusu kwa nusu hata mimi siitaki. Kauli ya waziri na majeraha yaliyoonekana kwenye maiti havina uzito sawa, viandike vyote viwili na msomaji ataona mwenyewe, wala huhitaji kuweka "eti" mbele ya maneno ya waziri. Chukua Ahmed Timol, naye mpinzani wa ubaguzi wa rangi huko huko Afrika Kusini. Alikufa 1971 akiwa mikononi mwa polisi Johannesburg, mahakama ikasema 1972 kwamba alijiua kwa kujirusha dirishani. Familia haikuchoka, na 2017 Jaji Billy Mothle akatengua ule uamuzi akasema aliuawa. Kilichombeba ni madaktari walioeleza kwamba baadhi ya majeraha hayakutokana na kuanguka, alikuwa ameshateswa. Toka siku ile unaandika "aliuawa" bila kupepesa, na uamuzi wa 1972 unabaki kama sehemu ya historia yake.

KalamuNyeusi:
Na tuwe makini na walio hai jamani. Mtu ametajwa tu mitaani, hajawahi kushtakiwa, we unamwandika jina kwenye aya moja na marehemu. Mtuhumiwa, mshtakiwa na aliyetiwa hatiani ni watu watatu tofauti, usiwachanganye. Halafu MwandikaMaisha, hicho kifo kimechukua sehemu gani ya makala? Maana huyu mzee alijenga chama cha wafanyakazi, isije ikawa migomo aliyoongoza ina mistari miwili na ajali ina kurasa.

MwandikaMaisha:
Kweli kifo kimekula karibu nusu, nitapunguza. Nimejaribu hivi: "Alifariki gari lake lilipopinduka. Ripoti ya polisi ilisema tairi la mbele lilipasuka. Familia bado inashikilia kwamba aliuawa, na inahusisha kifo hicho na mgogoro wake na waziri. Hakuna uchunguzi wa mahakama uliofanyika." Vipi hapo?

BintiMaktaba:
Imekaa vizuri, ila "bado inashikilia" inawafanya waonekane wabishi wakati polisi umewapa "ilisema". Wape "inasema" na wao, halafu weka sababu wanazotoa.